Uliza Bei ya Mkanda Kabla ya Kuuliza Bei ya Mashine

Mazungumzo haya yalitolewa na fundi mmoja wa visu wa Riruta Satellite, Nairobi, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliotembelea karakana ya kikundi chake. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tukipunguza hapa na pale.



Akina mama, wazee wetu na vijana, karibuni Satellite. Najua wengine mmetoka mbali, mmepanda matatu mbili tatu, na wale waliopitia Kawangware wameonja foleni ya Naivasha Road. Poleni kwa safari. Kaeni pale penye kivuli, vyuma vya huko nyuma vina kutu, vitawachafua nguo.

Nimeombwa kusema juu ya mashine ya kusagia ya mkanda, ile inayozungusha mkanda wa msasa badala ya jiwe. Vikundi vingi vinavyotengeneza visu vinaitaka. Katibu wenu alinipigia simu akaniuliza, "Fundi, tununue mashine gani?" Mtanisamehe, lakini nitaanza na swali lingine. Mikanda yake mtaitoa wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu sisi tulianguka papo hapo. Tulikuwa watu 11, akina mama 4 na wanaume 7. Kazi yetu tulikuwa tukiifanya kwa tupa na kwa grainda ya mkono. Wateja walikuwepo: watu wa bucha, watu wa machinjio kule Dagoretti, na mama wa mboga anayetaka kisu cha sukuma wiki ambacho hakikunji. Tulichanga miezi 8. Kisha muuzaji mmoja mjini akatuonyesha mashine ndogo, rangi yake inang'aa, mkanda wake upana inchi 1 na urefu inchi 30. Ndani ya boksi mlikuwa na mikanda 3 ya bure. Tukalipa, tukaimba njia nzima.

Mikanda ile 3 ilikwisha kabla ya wiki 2. Springi ya lori si mchezo. Tukarudi dukani tukaambiwa haipo, labda tuagize kutoka nje. Tukazunguka maduka ya vyuma, tukazunguka kwa maseremala, kila mtu ana mkanda lakini si wa kipimo chetu. Mashine ikavikwa gunia. Katika mkutano, mama mmoja aliyekuwa ametoa pesa alizoweka kwa karo ya mtoto akasimama akauliza, "Hii mashine yetu inakula chakula gani ambacho hakiuzwi Nairobi?" Hakuna aliyemjibu. Wanachama 2 walijitoa, na pesa zao tuliwarudishia polepole, mwaka mzima.

Kwa hiyo mkisikia ninarudia jambo la mkanda, mjue ninalipia deni.

Sasa, pengine mzee mmoja hapa anajiuliza, kwa nini basi tusibaki na jiwe? Jiwe la mezani ni zuri kwa kunoa jembe na patasi. Lakini kisu kina bapa refu na mteremko mwembamba unaoshuka hadi kwenye makali, na jiwe ni duara. Linaacha mashimo mashimo. Tena jiwe linaziba, linapungua, na likiwa na ufa linaweza kupasuka likizunguka. Kama mnalo, kabla ya kulifunga liningʼinizeni kwa kidole mligonge kwa kipande cha mti: likilia kama kengele ni zima, likilia kama chungu kilichovunjika litupeni. Na namba ya mizunguko iliyoandikwa kwenye jiwe isiwe ndogo kuliko ya mashine yenu.

Grainda ya mkono nayo ndiyo iliyotulea sote, siwezi kuitukana. Ukiifunga disiki ya majani ya msasa unaweza kutengeneza kisu kizuri kabisa. Ila fikirini mwendo wake. Disiki ya milimita 115 inayozunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu mita 66 kwa sekunde. Mkanda wa mashine yetu unakwenda mita 11. Mwendo ule wa grainda ya mkono ndio unaochoma chuma. Mnajua springi tukishaipasha moto hadi sumaku haiishiki tena, tukaizamisha kwenye mafuta, inakuwa ngumu kama kioo. Halafu tunaipasha tena kidogo, karibu nyuzi 200, ili isivunjike. Baada ya hapo makali yakipata moto wa kunoa hadi yageuke rangi ya samawati, yamefika karibu nyuzi 300, ugumu wake umepotea. Mteja ataona kisu kinang'aa. Atakitumia siku 3, siku ya 4 atakurudishia mbele ya watu.

Mkanda mrefu unapata nafasi ya kupoa unapozunguka, bapa linatoka limenyooka, na kubadilisha msasa wa namba 60 kwa wa namba 120 ni kazi ya sekunde chache. Hiyo ndiyo sababu. Hata hivyo usisahau ndoo ya maji. Sisi tunashika kisu kwa mkono mtupu karibu na makali. Kidole kikiungua, chuma kinakwenda majini. Kidole ni kipimajoto cha bure.

Turudi kwenye kipimo cha mkanda. Watengeneza visu wengi duniani hutumia mkanda wa upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 72, yaani milimita 50 kwa 1,830. Hesabuni eneo la msasa: 2 mara 72 ni 144. Ile yetu ya kwanza ilikuwa 1 mara 30, ni 30. Karibu mara 5! Kwa hiyo mkanda mdogo hata ukiuzwa nusu bei ya mkubwa bado ni ghali. Wakati ule sisi tuliona bei, hatukuona eneo.

Lakini msinisikie nikisema inchi 72 mkakimbilia hiyo. Kule kwenu mkanda huo unaweza kuwa haupo kabisa. Maseremala wengi wana mashine za msasa za mkono zinazotumia mkanda wa milimita 75 kwa 533, au 100 kwa 610. Ni mifupi, lakini ukiwa katika mji mdogo unaweza kuta hiyo ndiyo pekee iliyopo. Fanyeni hivi. Mtu 1 wa kikundi apewe daftari na nauli. Azunguke maduka yote ya mji wenu wa soko, aandike kila kipimo alichokiona, bei, namba za msasa, na aulize, "Mwezi ujao nikirudi nitaupata?" Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mkanda ulioonekana mara moja si mkanda.

Sisi wokovu wetu ulikuwa kitambaa cha msasa kinachouzwa kwa roli. Tulimpata muuzaji anayekikata na kuunganisha kwa kipimo unachomwambia. Tulijaribu kuunganisha wenyewe kwa gundi. Msiige. Ulikatika ukamchapa kijana wetu shavuni kama kiboko. Hakuumia sana, kwa neema tu. Maungio yanayotengenezwa vizuri hukatwa mshazari, na nyuma ya mkanda huwa na mshale. Fuateni mshale ule, mashine izunguke upande unaoonyesha.

Mikanda yenyewe haifanani. Ile ya kahawia ya kawaida ni rahisi na inafaa kwa kung'arisha na kwa mbao. Kwa kula chuma kigumu, ile ya zirkonia au ya seramiki inaishi zaidi, lakini inataka mkono mzito na mota yenye nguvu. Ukiigusa kwa woga inalainika bure. Pigeni hesabu kwa kisu, si kwa mkanda. Tuseme, kwa mfano tu, mkanda wa shilingi 300 unamaliza visu 5: kila kisu kimekula shilingi 60. Wa shilingi 900 ukimaliza visu 30, kila kisu kimekula 30. Wekeni daftari ukutani karibu na mashine, kila mkanda ukifungwa uandikwe, kila kisu kikimalizika kipigiwe alama. Baada ya miezi 2 mtajua zaidi ya muuzaji yeyote. Na msiikunje. Itundikeni kwenye bomba nene mahali pakavu. Huku Dagoretti mwezi wa 7 kuna baridi na unyevu, mkanda unajikunja kama jani la mgomba na haukai sawa kwenye mashine.

Haya. Mkishajua mkanda, ndipo mashine. Kununua au kutengenezewa?

Hii mnayoiona hapa ilichomelewa barabara ya pili kutoka hapa. Ni mabomba ya mraba ya chuma, magurudumu, springi na mota. Magurudumu yalimiminwa kwa alumini chakavu, kama zile sufuria zinazomiminwa na mafundi wa jua kali, kisha yakapelekwa kwa mwenye mashine ya kukerezea yakawa duara sawasawa. Msiruke hatua hiyo ya kukereza. Gurudumu lisilo duara kamili linapiga, na kila pigo linaonekana kwenye bapa la kisu.

Gurudumu la juu lina siri yake. Likerezwe livimbe katikati kidogo sana, jicho lisilozoea halioni. Mkanda hupenda kupanda mahali palipo juu, kwa hiyo unabaki katikati badala ya kutoroka pembeni. Gurudumu hilo liwe na skrubu ya kuliinamisha kidogo kushoto au kulia. Nyuma ya mkanda, mahali unaposukumia kisu, wekeni bamba la chuma lililonyooka, na liwe la kufungua, maana litalika. Beringi ziwe za namba za kawaida kama 6202, zilizozibwa pande zote. Fundi akiwawekea beringi ya ajabu aliyoitoa kwenye kitu asichokijua, mkataeni kwa upole.

Na mwambieni atengeneze mkono unaovuta mkanda uwe na nafasi ya kukubali urefu unaozidi au kupungua inchi 2 au 3. Muuzaji wa mikanda akibadilisha, ninyi hamtatupa mashine. Kama kuna kitu 1 tu mtakachokumbuka juu ya umbo la mashine, kiwe hicho.

Uzuri wa ya kuchomelewa ni kwamba ikivunjika anayejua kuitengeneza anaishi karibu. Ubaya ni kwamba wengine huitengeneza kwa macho tu. Msimlipe zote kabla hamjaiona ikizunguka na mkanda saa nzima. Sisi tulilipa nusu, na nusu ya pili ilikaa kwa mweka hazina mpaka mashine iliponyooka. Alikasirika, baadaye tukawa marafiki. Ya kiwandani mnaweza kununua pia, siwakatazi, ikiwa mkanda wake upo na vipuri vyake vipo.

Mota. Hapa nitakaa kidogo.

Kwa mkanda wa inchi 2, mota ya nguvu ya farasi 1 inatosha kwa uvumilivu, 1 na nusu ni nzuri, 2 ni raha. Chini ya hapo ukisukuma chuma inasimama. Soma kibati chake. Stima yetu Kenya ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Kama kibati kinasema volti 110, iacheni ilale dukani. Kama kinasema fezi 3 na ninyi mna fezi 1, itahitaji kifaa cha kubadilisha stima. Kifaa hicho ni kizuri kwa sababu kinakuwezesha kupunguza na kuongeza mwendo, lakini ni ghali na vumbi la chuma linakiua. Kwa kikundi kinachoanza nasema hapana.

Jambo la pili, mota iwe iliyofungwa kabisa, feni yake iko nje chini ya kifuniko. Mota yenye matundu itavuta vumbi la chuma ndani, na vumbi la chuma linapitisha stima. Nimeona mota nzuri ya mitumba ikilipuka mwezi wa kwanza kwa sababu hiyo tu. Kama mnanunua mitumba, izungusheni kwa mkono, sikilizeni beringi, na inuseni. Ndiyo, inuseni! Waya zilizowahi kuungua zina harufu ambayo haitoki.

Mwendo nao. Mota nyingi huzunguka karibu mara 1,440 au karibu mara 2,850 kwa dakika. Gurudumu la inchi 6 ni sentimita 15. Zidisha kwa 3.14 upate mzingo wa sentimita 47. Kwa mizunguko 1,440 mkanda unakwenda mita 11 kwa sekunde, kwa 2,850 unakwenda mita 22. Mafundi wazoefu wanataka ule wa kasi, kazi inakwisha upesi. Kwa watu wanaojifunza mimi nachagua ule wa polepole bila kusitasita. Kosa la mita 11 unalirekebisha. Kosa la mita 22 limekwisha kula kisu kabla hujasema "aa". Baadaye mnaweza kubadilisha gurudumu likawa kubwa zaidi.

Sasa stima yenyewe. Mota ya nguvu 1 na nusu ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inakula karibu kilowati 1 na nusu. Saa 4 ni yuniti 6. Nendeni na tokeni zenu za mwezi mpige hesabu. Lakini la kuogopesha zaidi ni waya. Huku kwetu ploti nyingi zina mita 1 na nyumba nyingi, waya mwembamba umepita juu ya mabati mpaka mlango wa mwisho. Mota inapoanza kuzunguka inavuta stima mara kadhaa kuliko kawaida yake. Ikikuta waya mwembamba, stima inashuka, mota inanguruma haizunguki, na ikiachwa hivyo inaungua. Karakana yetu ya kwanza tuliondolewa na mwenye ploti kwa sababu hiyo, taa za wapangaji zilikuwa zinafifia kila tukiwasha, na kelele pia. Alikuwa na haki. Leteni fundi wa stima mwenye leseni aangalie kabla mota haijanunuliwa.

Wale mnaotoka mahali pasipo na stima, nasikia mnauliza juu ya kukanyaga. Mmewaona wale wanoa visu wa baiskeli wanaopita mitaani, gurudumu linazungusha jiwe. Kwa kunoa ni sawa kabisa. Lakini mtu mzima mwenye afya akikanyaga kwa muda mrefu anatoa karibu wati 75. Mota yetu inatoa zaidi ya 1,100. Ni watu 15 juu ya baiskeli kwa ajili ya kisu 1! Kwa hiyo bila stima, tengenezeni umbo kwa nyundo na moto kadiri mnavyoweza, malizieni kwa tupa kabla chuma hakijafanywa kigumu, makali yabaki na unene wa sarafu. Visu vizuri sana vimetoka hivyo kwa karne nyingi. Na kama kikundi chenu kina kisiagi cha dizeli na mnafikiri kuchukua nguvu kutoka kwenye shafti yake, msifunge mashine ya chuma katika chumba kimoja na unga. Vumbi la unga hewani linashika moto, na cheche ndiyo kazi yetu. Mshipi upite ukutani, mashine iwe nje.

Cheche zinanileta kwa vumbi, nalo silisemi kwa kutimiza wajibu. Mji wa Sheffield kule Uingereza ulisifika duniani kwa visu, na katika karne ya 19 wasagaji wake waliotumia mawe makavu walikufa wakiwa vijana, mapafu yamejaa vumbi la jiwe. Mkanda hauna vumbi la jiwe lile, lakini una chembe za chuma na za msasa, na hazifai kifuani. Vaeni barakoa inayokaza usoni, leso haitoshi. Miwani ni kwa kila aliye ndani, hata aliyekuja kusalimia. Kuna kijana wetu aliyetolewa chembe jichoni hospitalini. Hakuwa akisaga. Alikuwa ameleta chai.

Mipini tunaitengeneza kwa mbao na mifupa ya ng'ombe. Wale mafundi wa mifupa wa Kibera mnawajua, kazi yao ni safi. Vumbi la mfupa nalo ni baya, na vumbi la mbao likilala chini ya mashine halafu ukasaga chuma, linaanza kufuka moshi taratibu, na ninyi mmekwenda nyumbani. Tunafagia kabla ya kubadilisha kazi, na jioni tunamwaga maji pale chini.

Jambo dogo la mwisho, si la mashine. Risiti iandikwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti. Mkiwa mmesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, andikeni mashine kwenye daftari la mali, na namba ya mota pembeni. Ile mashine yetu ndogo ya kwanza bado tunayo, iko kwenye daftari. Mwaka jana tulipata kitambaa cha upana wake, sasa mama yule wa karo ndiye anayeitumia kunolea visu vya wateja Jumamosi. Anasema bado anaidai.

Haya, tutoke nje tuione ikizunguka. Akina mama wenye leso, zifungeni kiunoni vizuri, na mwenye tai aivue. Maswali tutaulizana nikiizima, maana ikiwaka sitawasikia. Miwani iko kwenye ile karai ya bluu.